Kioo Kipya, Picha ya TV ya Chogo

Nyaya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, ziliingia majumbani enzi za deki ya mikanda, na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hazijatoka mpaka leo. Televisheni ndiyo iliyobadilika. Ile ya chogo imekwenda kwa fundi au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mahali pake ukutani kimetundikwa kioo chembamba cha inchi 43 ambacho nailoni yake ya pembeni hakuna aliyethubutu kuibandua. King'amuzi kipo mezani chini yake, juu ya kitambaa cha kufuma. Kati ya kioo na king'amuzi zinaning'inia zilezile nyaya tatu.

Mwenye nyumba ya namna hiyo achukue rimoti ya televisheni, abonyeze kitufe kilichoandikwa INFO, asome maandishi madogo yanayojitokeza pembeni mwa kioo. Aghalabu atakuta herufi PAL au tarakimu 576i. Maana yake ni kwamba picha inayoingia ina mistari 576, sawasawa na ile iliyokuwa ikiingia kwenye TV ya chogo. Sasa achomoe nyaya hizo, achomeke waya mmoja wa HDMI, aingie kwenye mipangilio ya king'amuzi achague 1080i, halafu abonyeze INFO tena. Kama chaneli anayotazama inarushwa kwa HD, jina lililoandikwa mgongoni mwa mchezaji litasomeka, na uwanja utaacha kuwa zulia la kijani. Gharama ya mabadiliko yote hayo ni elfu chache za waya.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya namna televisheni zinavyonunuliwa na kutumiwa katika ukanda huu. Watu wanalipia kioo cha leo, kisha wanakilisha picha ya juzi. Mazungumzo ya dukani ni inchi, ni 4K, ni smati. Nini kitapita ndani ya kioo hicho kikishafika nyumbani, hilo mnunuzi haulizi, na muuzaji hana sababu ya kumkumbusha.

Hesabu yake si ngumu. Picha hujengwa kwa nukta. VCD, zile CD za filamu zilizojaa kwenye maktaba za mitaani miaka ya 2000, zilibeba picha ya nukta 352 kwa 288, yaani laki moja na kidogo. DVD ya mfumo wa PAL, sawa na chaneli ya kawaida ya king'amuzi, ina 720 kwa 576, zaidi kidogo ya laki nne. HD kamili ni 1,920 kwa 1,080: milioni mbili na ushee. 4K inakaribia milioni nane na laki tatu. Filamu ya VCD ikichezwa kwenye kioo cha HD kamili, kila nukta iliyomo kwenye CD inatakiwa kujaza nafasi ya nukta ishirini. Kumi na tisa kati ya hizo televisheni inazikisia. Ndiyo maana filamu ya Kibongo iliyotazamwa bila taabu kwenye TV ya chogo ya inchi 21 inageuka ukungu kwenye inchi 55, na mwenye nyumba anailaumu televisheni mpya kwa kosa lisilo lake.

Flashi nazo zina mtego wake. Vijana wanaojaza filamu kwenye flashi hupenda faili dogo, kwa sababu linaingia haraka na mteja anapata filamu nyingi kwa nafasi ileile. Jina la faili linaweza kuandikwa 1080 mbele na nyuma, lakini filamu ya saa mbili iliyobanwa mpaka MB 700 inabeba chini ya megabiti moja kwa sekunde. Diski ya Blu-ray inaweza kubeba hadi megabiti 40 za picha kwa sekunde. Kinachotupwa katikati ya tarakimu hizo mbili ndicho macho yanachokikosa: moshi, maji, nywele, kuta za giza zinazovunjika vipande vya mraba. Mteja anayejali picha aulize ukubwa wa faili kabla ya kuuliza jina la filamu.

Mkanganyiko mwingine umetokana na historia. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Kenya ilifuata Februari 2015, miezi michache kabla ya Juni 17 ya mwaka huo, tarehe ambayo nchi nyingi za ukanda huu zilikuwa zimekubaliana kupitia Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Neno king'amuzi likawa la kila siku. Lakini kampeni za wakati ule ziliahidi picha safi, na wengi wakabaki wakiamini kwamba dijitali maana yake ni HD. Sivyo. Dijitali ni njia ya kusafirisha picha tu. Huondoa chenga na vivuli, ila haiongezi nukta ambazo kituo hakikuzituma. Chaneli si chache ambazo mpaka sasa zinarushwa kwa mistari 576, na hakuna kioo kitakachozigeuza.

Twende dukani. Katika maduka ya Kariakoo televisheni zimepangwa ukutani kama vioo vya kinyozi, zote zinacheza video moja: samaki wa rangi baharini, tunda linakatwa polepole, kasuku anageuza shingo. Video hiyo imetengenezwa maalumu kwa ajili ya kuuzia. Haina usiku, haina sura ya mtu mweusi iliyo kwenye kivuli, haina mpira unaokwenda kasi. Juu ya hayo, mwanga umepandishwa mpaka mwisho na rangi zimekolezwa, ili kila televisheni iishinde jirani yake chini ya taa kali za duka. Mnunuzi anaichagua ile inayowaka zaidi, na kwa kufanya hivyo amechagua kitu ambacho hatakitumia kamwe sebuleni kwake.

Dawa yake ni kwenda na flashi ya nyumbani. Iwekwe kipande cha mechi, kipande cha tamthilia chenye tukio la usiku, na picha moja ya maandishi madogo yenye ukubwa wa 1,920 kwa 1,080. Herufi zikionekana zimevimba au zina ukungu, kioo hicho si HD kamili, hata boksi likidai nini. Kisha mnunuzi asogee pembeni, asimame pale ambapo mtoto wake hukaa mkekani. Vioo vingi hufifia vikitazamwa kutoka ubavuni: weusi unakuwa kijivu na ngozi zinapauka. Kwa familia ambayo baba ana kiti chake, wageni wana sofa na watoto wako chini, jambo hilo ni zito kuliko 4K.

Maandishi ya boksi nayo yasomwe kwa makini. Televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina kioo cha nukta 1,366 kwa 768. Kioo hicho kinapokea picha ya 1080, lakini kinaipunguza ndipo kiionyeshe. Hata hivyo boksi linaweza kubeba maneno Full HD kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo kwa 4K inayoambatana na neno la Kiingereza la kumaanisha kwamba inaipokea. Kupokea si kuonyesha. Ukweli upo kwenye jedwali la sifa, mara nyingi ubavuni mwa boksi au ndani ya kijitabu, penye tarakimu mbili zenye alama ya kuzidisha katikati. Muuzaji anayekataa kufungua boksi ili jedwali hilo lisomwe ameshajibu swali.

Je, nukta nyingi zinahitajika kweli? Inategemea sofa iko wapi. Jicho zima hutofautisha vitu viwili vilivyoachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukikokotoa kwa kipimo hicho, nukta za HD kamili kwenye inchi 43 zinaacha kuonekana moja moja kuanzia mita 1.7, na kwenye inchi 55 kuanzia mita 2.2. Sebule ambayo kiti kiko mita mbili na nusu kutoka ukutani haipati faida ya kuonekana kutoka kwa nukta za 4K kwenye inchi 43. Hata ile inchi 32 yenye nukta 768 za kwenda juu inatosha kabisa chumbani kwa mtu aliye mbali zaidi ya mita 1.8 hivi. Familia yenye bajeti ya kubana inafanya vizuri zaidi kununua inchi 43 ya HD kamili yenye kioo kizuri kuliko 4K ya kampuni isiyo na fundi wala vipuri mjini.

Kioo cha tabaka mbili, ambacho wauzaji wanakisifu sana kwa wazazi, kinazuia mpira wa mtoto na rimoti iliyorushwa, hilo ni kweli. Kinaongeza uzito na mng'ao pia. Kikitundikwa mkabala na dirisha, mchana kutwa familia itajitazama yenyewe.

Sasa kuhusu usmati. Televisheni janja inauzwa kama kitu kimoja, ilhali ni viwili vyenye umri tofauti. Kioo kikitunzwa kinaweza kupita miaka kumi. Programu iliyomo ndani yake huzeeka kama ya simu, na haibadilishwi kirahisi. Aprili 2015 YouTube iliacha kufanya kazi kwenye televisheni janja nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2013. Desemba 2019 ikawa zamu ya Netflix kuziacha baadhi ya televisheni za Samsung za 2010 na 2011. Vioo vilikuwa vizima. Waliokuwa na kifaa cha pembeni, kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI, hawakupoteza kitu. Walibadilisha kifaa wakabaki na kioo chao.

Kwa hiyo ushauri unaofaa nyumba nyingi ni huu: kioo kizuri, na kifaa cha pembeni. Chromecast ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 2013 kwa dola 35, na tangu hapo vifaa vya aina hiyo vimeenea, vingine vidogo kuliko kiberiti cha jikoni, vingine maboksi kamili yenye tundu la flashi na la waya wa intaneti.

Ila maboksi hayalingani. Kwenye vibanda vya simu yamejaa maboksi ya Android ya bei ya kutupa, yenye programu za filamu na mpira wa bure zilizowekwa tayari. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa mifumo aligundua kwamba boksi aina ya T95 alilolinunua mtandaoni lilikuwa na programu hasidi ndani yake tangu siku ya kwanza. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hakuwa peke yake, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo la wazi kuhusu mtandao ulioitwa BADBOX 2.0, ulioteka mamilioni ya vifaa vya majumbani, maboksi ya televisheni yakiwa mbele. Boksi la namna hiyo hukaa sebuleni likionyesha filamu, huku likiikodisha intaneti ya nyumba kwa wahalifu. Kwa nyumba inayotumia bando la kununua, wizi huo ni wa pesa taslimu.

Na picha yenyewe haiwi nzuri. Kampuni za filamu hutoa HD kwa kifaa chenye idhini ya ulinzi wa juu tu. Kisicho nayo hupewa mistari 480, chini hata ya DVD. Namna rahisi ya kulitambua boksi la simu lililovalishwa nguo za televisheni ni kuwasha na kutazama. Likikuletea mshale mdogo kama wa kompyuta, unaosogezwa kwa rimoti kutafuta mahali pa kubofya, basi ndani yake kuna Android ya simu. Boksi lililotengenezwa kwa ajili ya televisheni halihitaji mshale. Rimoti inaruka kutoka picha moja ya filamu hadi nyingine.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha intaneti, bando lipigiwe hesabu. Netflix yenyewe inaeleza kwamba HD inahitaji kasi ya megabiti 5 kwa sekunde na inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Filamu moja ya saa mbili kwa HD ni GB 6. Kwa aliye na intaneti ya mwezi isiyo na kikomo hilo si tatizo. Kwa anayewasha mtandao wa simu na kuurushia televisheni, programu hizo zina kipengele cha kushusha ubora, na kwenye kioo cha inchi 32 kuushusha hadi 720 hakutaonekana sana. Au aende kwenye flashi.

Flashi ina mambo yake mawili ambayo yamewapeleka watu wengi kwa fundi bure. La kwanza: faili la filamu nzuri linakataa kuingia, kompyuta inasema faili ni kubwa mno wakati flashi ni tupu. Sababu ni mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Flashi ipangwe upya kwa exFAT au NTFS, baada ya kuhakikisha televisheni inausoma mpangilio huo. La pili: picha inatembea, sauti hakuna. Hapo televisheni si mbovu. Sauti ya faili imefungwa kwa mfumo wa DTS, ambao televisheni nyingi hazina leseni yake. Kifaa cha pembeni chenye VLC au Kodi, programu mbili za bure, huifungua sauti hiyo na kuipeleka kwenye televisheni au sabufa bila shida.

Kuna ndugu walioko Marekani ambao husafirisha televisheni kwa kontena kama zawadi. Upendo ni mkubwa, lakini nyuma ya televisheni hiyo pasomwe kwanza. Iliyoandikwa 120V peke yake itaungua siku ya kwanza kwenye umeme wa volti 230. Iliyoandikwa 100–240V ni salama. Hata iliyo salama kwa umeme ina kipokezi cha ATSC cha Marekani, kwa hiyo haitanasa kwa antena matangazo ya DVB-T2 yanayotumika huku. Itahitaji king'amuzi daima. Televisheni inayonunuliwa Mombasa au Nairobi ikiwa na DVB-T2 ndani, pamoja na antena ya kawaida, inanasa chaneli za bure za Kenya bila kisanduku chochote.

Ikishafika nyumbani, kazi ya kwanza iwe kuondoa mipangilio ya dukani. Mwanga wa nyuma ukiachwa kwenye mia kwa mia unaumiza macho usiku, unakula LUKU, na unaua televisheni mapema. Mafundi wanaujua ugonjwa huu vizuri. Mteja analeta televisheni yenye sauti lakini kioo cheusi. Fundi anazima taa ya kibanda, anawasha tochi ya simu na kuibana kwenye kioo. Chini ya duara la mwanga inaonekana picha hafifu, mtangazaji wa habari akiendelea kusoma. Kioo kizima, taa za LED zilizo nyuma yake ndizo zimekufa. Kuzishusha hadi nusu tangu siku ya kwanza kungeongeza maisha yake, na sebule ya jioni haihitaji zaidi ya hapo.

Baadaye lishughulikiwe umbo la picha. Vituo vingine bado huonyesha vipindi vya zamani vya umbo la karibu mraba, na televisheni iliyowekwa kuvutwa hunenepesha kila mtu. Nyingine hukata kingo, ubao wa matokeo ya mechi ukaliwa nusu. Kwenye menyu ya picha utafutwe uchaguzi unaoonyesha picha nzima bila kukata. Na ule ulaini wa ajabu wa mwendo unaofanya filamu ionekane kama kipindi cha studio huzimwa pia. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video nzima kuwaomba watazamaji wauzime. Wapenzi wa mpira wanaweza kuuacha.

Umeme usisahaulike. Televisheni nyingi haziharibiki umeme unapokatika. Huharibika unaporudi kwa kishindo. Kifaa cha kinga kinachochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi ni sehemu ya bei ya televisheni, wala si nyongeza. Msimu wa radi, waya wa antena na wa dishi uchomolewe pamoja na plagi, kwa kuwa radi haichagui mlango.

Mnunuzi amebebeshwa mzigo mwingi mno katika haya yote, na si haki. Ulaya ilipoingia kwenye HD, mwaka 2005 watengenezaji walikubaliana alama moja ya HD ready, ambayo haikuweza kubandikwa kwenye kioo chenye mistari pungufu ya 720 wala kisichokuwa na njia ya kupokea HD kwa dijitali. Ilikuwa na mapungufu yake, lakini mtu asiyejua chochote aliweza kuitegemea. Tanzania ina TBS, Kenya ina KEBS, mashirika ya viwango ambayo yote mawili hukagua vifaa vya umeme vinavyoingia nchini. Yaagize idadi halisi ya nukta za kioo ichapwe mbele ya boksi, kwa tarakimu kubwa kama zile za inchi. Vituo vya televisheni navyo viseme wazi chaneli zipi ni HD na zipi si HD. AFCON ya 2027 inachezwa nyumbani, Kenya, Tanzania na Uganda, na televisheni zitanunuliwa kwa wingi kabla ya mchezo wa kwanza. Agizo hilo litoke kabla ya meli kufika bandarini.

Wewe msomaji usingoje agizo. Leo jioni, taarifa ya habari ikianza, bonyeza INFO.